Kaulimbiu ya chuo chetu imegeuzwa kejeli. Tuibadilishe?

Swali: "Nafanya kazi katika ofisi ya usajili ya chuo cha kibinafsi katikati ya jiji la Nairobi. Tunafunza uhasibu, hoteli, umeme na kompyuta, ngazi ya cheti na diploma. Kwa miaka kadhaa kaulimbiu yetu imekuwa 'Ingia Mwanafunzi, Toka Mwajiriwa'. Mwanzoni ilitusaidia sana. Watu walikuwa wanaingia ofisini wakiitaja. Mwaka huu waliosoma hapa wameigeuza kwenye TikTok: 'Ingia mwanafunzi, toka ukitarmaki', yaani ukizunguka kutafuta kazi. Video zinasambaa, wazazi wanapiga simu kuuliza kama ni kweli, na usajili wa Mei umeshuka. Mkurugenzi anasema kaulimbiu imezeeka na ameita kampuni ya matangazo itutungie nyingine. Bei waliyotaja inatosha kulipa walimu wawili mwaka mzima. Wenzangu wengine wanaamini video hizo ni kazi ya vyuo pinzani. Je, maneno manne yanaweza kuharibu jina la chuo kiasi hiki? Na maneno mapya yanaweza kulirudisha?"

Asante kwa kuandika bila kuficha. Nikikuelewa vizuri, unaogopa mambo mawili: kwamba chuo kinapoteza jina, na kwamba kiko karibu kumwaga pesa mahali ambapo si chanzo cha tatizo. Ningeshughulikia hofu ya pili kwanza, kwa sababu hiyo bado mnaweza kuizuia wiki hii.

Jibu langu fupi ni hili. Kaulimbiu haikuwaharibia jina, ila iliwachagulia kipimo. Iliwaambia watu wa Nairobi kwamba wakitaka kujua kama nyinyi ni chuo kizuri, waangalie kazi baada ya masomo. Sasa watu wameangalia, na baadhi yao wamerudi na habari mbaya. Mkibadilisha maneno leo bila kugusa kile walichokiona, watawapima kwa ahadi ya zamani huku wakicheka ile mpya. Kwa hiyo ningemwomba mkurugenzi asitie sahihi mkataba wa kampuni ya matangazo kwa sasa. Nitaeleza kwa nini, na nitasema pia ni wakati gani pesa hizo zingekuwa na maana.

Kwanza tuone kwa nini maneno hayo yaliwasaidia mwanzoni. Masomo ni kitu kigumu kununua. Sukuma wiki pale Marikiti unaigusa, unageuza jani, unaikataa iliyonyauka. Karo ya diploma mzazi huilipa kabla hajaona lolote, na hata mwanafunzi mwenyewe akimaliza muhula wa kwanza hajui bado kama anachofunzwa kitamfaa. Atajua siku atakapoketi mbele ya mwajiri, pengine miaka 3 baadaye. Ndiyo maana watu hushikilia dalili za nje: jengo, picha za mahafali, neno la binamu aliyesomea hapo, na kaulimbiu. Mzazi aliye Kitui au Bungoma, ambaye hajawahi kupanda ngazi za jengo lenu, anaweza kuwa anaijua kaulimbiu kuliko kitu kingine chochote kuhusu chuo.

Halafu kuna nguvu ya kurudiarudia. Mwaka 1977 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino, waliwapa watu sentensi wazipime ukweli wake katika vikao vilivyopishana kwa wiki mbili. Baadhi ya sentensi zilirudi kila kikao. Zile zilizorudi ziliendelea kuonekana za kweli zaidi, ziwe za kweli au za uongo. Wengine wamelijaribu jambo hilo mara nyingi tangu wakati huo na limesimama. Bango la barabara ya Thika, stika nyuma ya matatu, kipeperushi, status ya WhatsApp ya jirani: mtu aliyekutana na kaulimbiu yenu hapo kote hakuichunguza. Aliizoea tu, na mazoea yakafanya kazi ya ushahidi.

Lakini mazoea hayo huisha nguvu pale mtu anapokuwa na habari zake mwenyewe. Mwanafunzi wenu aliyemaliza na kuzunguka Industrial Area na bahasha ya vyeti hahitaji tena kuambiwa. Na kwa kuwa kaulimbiu yenu ina mizani nzuri, nusu mbili zinazojibizana, ni rahisi kuikumbuka na ni rahisi vilevile kuigeuza. Waliotunga kejeli walibadilisha mwisho tu. Mizani yote mliwapa nyinyi, pamoja na miaka ya matangazo mliyoilipia.

Jambo la tatu ni matarajio. Mwaka 1980 Richard Oliver, mtafiti wa masoko wa Marekani, alieleza kwamba mteja huridhika au huudhika kwa kulinganisha alichopata na alichotarajia. Tuseme vyuo viwili vya Nairobi vina wahitimu 100 kila kimoja, na katika kila chuo 40 wamepata kazi ndani ya mwaka mmoja. Chuo cha kwanza kiliahidi mafunzo ya vitendo. Cha pili kiliahidi ajira. Katika kile cha kwanza, hao 40 ni habari njema na wale 60 wanalaumu uchumi. Katika cha pili, hao 40 wamepata tu kile walicholipia, na wale 60 wanahisi wameibiwa. Matokeo ni yaleyale, lakini majina mawili ya vyuo hivyo mitaani hayatafanana hata kidogo. Hapo ndipo kaulimbiu inapojenga sura ya chuo, na ndipo yenu inapowauma: imeahidi jambo ambalo sehemu kubwa yake haiko mikononi mwenu. Mwajiri ndiye anayeajiri. Mnaweza kumwandaa mhitimu, kumtafutia mazoezi ya kazi na kumwandikia barua, lakini hamwezi kumwajiri.

Kumbuka pia kwamba sura ya chuo huchelewa. Anayewacheka leo alijiandikisha miaka 2 au 3 iliyopita, akaahidiwa wakati huo na kufunzwa na walimu wa wakati huo. Huenda mmeshaboresha mengi tangu hapo. Haijalishi, habari anazozisambaza ni za chuo alichokisoma yeye. Vivyo hivyo, mkirekebisha mambo mwezi huu, matunda yake mtayaona wakati kundi la sasa litakapomaliza. Mkurugenzi anayetarajia kaulimbiu mpya ibadilishe usajili wa Septemba anadai miezi mitatu ifanye kazi ya miaka mitatu.

Sasa niseme jambo ambalo nadhani halijatajwa kwenye mikutano yenu, nalo ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Kaulimbiu haimfikii mzazi ikiwa peke yake. Hufika mdomoni mwa mtu. Simama mchana mbele ya Jumba la Nyaraka, pale Moi Avenue, mwezi Januari matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yanapotoka. Kijana anakupa kipeperushi: picha ya msichana mwenye joho, karo kwa wino mwekundu, "usajili unaendelea", na chini kabisa kaulimbiu ya chuo. Ukisimama hata kidogo, anaanza kukueleza. "Mama, hapa akimaliza anapelekwa kazini moja kwa moja." Ukiuliza kazini wapi, atataja hoteli ya Mombasa Road au benki unayoijua. Kijana huyo hulipwa kwa kila mwanafunzi anayemleta. Kwenye karatasi maneno yana utata wa kutosha wa kumlinda mwenye chuo. Mdomoni mwa wakala yamekuwa dhamana. Na mama yule ataondoka na maneno ya wakala, si ya karatasi.

Kama chuo chenu kinatumia mawakala wa kulipwa kwa kichwa, au kama hata nyinyi wa ofisini mna marupurupu ya kila anayejisajili, anzeni hapo. Kaeni na hao vijana. Waulize wanasema nini hasa, wakueleze kama wanavyomweleza mzazi. Utasikia kaulimbiu yenu halisi, ile inayofika mitaani. Napendekeza malipo yao yagawanywe: sehemu wakati wa kujiandikisha, sehemu baada ya mwanafunzi kumaliza muhula wa kwanza. Wakala anayejua atalipwa mwanafunzi akibaki huanza kupima maneno yake.

Kuhusu vyuo pinzani: inawezekana mmoja wao anafurahi, hata anasambaza. Lakini sijaona kejeli inayoshika bila kitu cha kushikia. Video hiyo ingekuwa ya uongo mtupu, wahitimu wenu wenyewe wangeijibu huko chini kwa kutaja wanakofanya kazi. Kayasome maoni yale, yote, hata yanayouma. Tenga wanaocheka tu na wanaosema "hata mimi". Wa kundi la pili hawajatumwa na mtu. Hao ni watu wenu.

Wala nyinyi si wa kwanza. Mwaka 2010, Chuo Kikuu cha Drake kule Des Moines, Marekani, kilizindua kampeni ya kuvutia wanafunzi kwa alama kubwa ya "D+", D ikiwa ya Drake na jumlisha ikiwa ya manufaa ya ziada. Mkenya yeyote aliyepitia KCSE anaona tatizo kabla hajamaliza kusoma, kwa kuwa D+ ni gredi ambayo mzazi huipokea kwa kunyamaza. Wamarekani nao waliona hivyo hivyo, na kampeni ikawa kichekesho kwenye vyombo vya habari. Ninachokitoa hapo si kwamba wabunifu hawakuwa werevu. Ni kwamba maneno ya chuo hayaishi ndani ya chumba cha mkutano. Yanasomwa na watu wenye maisha yao na machungu yao, nao ndio wanaoamua yana maana gani.

Kuna upande mzito zaidi ambao mkurugenzi anapaswa kuusikia. Kujisifu kwa jumla, kama "chuo bora" au "mwanga wa kesho", ni vigumu kumpeleka mtu mahakamani kwa ajili yake. Ahadi ya matokeo ni jambo jingine. Mwaka 2016 Tume ya Biashara ya Marekani ilikishtaki Chuo Kikuu cha DeVry kwa matangazo yaliyosema asilimia 90 ya wahitimu waliokuwa wakitafuta kazi waliipata katika taaluma yao ndani ya miezi 6. Tume ilidai hesabu hiyo ilijumuisha watu waliokuwa na kazi kabla ya kuhitimu, na wengine wenye kazi zisizohusiana na walichosomea. Mwishoni mwa mwaka huohuo DeVry ilikubali makubaliano ya dola milioni 100. Mwaka 2019 ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Phoenix, kwa kampeni iliyotaja makampuni kama Microsoft na Twitter kwa namna iliyowafanya watu waamini makampuni hayo yanashirikiana na chuo kuwafungulia wanafunzi nafasi za kazi. Makubaliano yalikuwa dola milioni 191, kati yake milioni 141 zikiwa madeni ya wanafunzi yaliyofutwa. Uingereza, mnamo Novemba 2017, mamlaka ya kusimamia matangazo iliviagiza vyuo vikuu 6 viondoe madai yasiyo na ushahidi wa kutosha. Kimoja, Teesside, kilikuwa kimejiita cha kwanza Uingereza kwa matarajio ya muda mrefu ya wahitimu wake.

Hapa kwetu msidhani hakuna kitu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa anayenunua huduma haki ya kupata maelezo anayoyahitaji, na kinaliagiza Bunge litunge sheria za kulinda wateja na za matangazo ya haki, ya kweli na ya staha. Sheria ya Kulinda Wateja ya 2012 inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha, na Sheria ya Ushindani ya 2010, inayosimamiwa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, inagusa jambo hilohilo. Sisemi kwamba "Toka Mwajiriwa" ni kosa la kisheria; hilo ni la wakili. Nasema kwamba mhitimu mwenye kipeperushi chenu mkononi na rekodi ya wakala kwenye simu hana sababu ya kukaa kimya, na nyinyi mngependa kuyajua hayo kabla yake.

Tena, kwa haraka: angalieni picha. Mnatumia sura za wanafunzi kwenye mabango? Mna ruhusa yao ya maandishi? Sheria ya Kulinda Data ni ya 2019, na mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Wanafunzi wenu ni watu wazima, lakini idhini bado ni idhini, na mhitimu asiye na kazi anayejiona kwenye bango la "Mwajiriwa" ana haki ya kukasirika.

Usinielewe kwamba kaulimbiu ni mapambo tu na hazina kazi. Shule ya Starehe, hapa hapa Nairobi, ilianzishwa mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kwa ajili ya wavulana maskini na wasio na makao. Wito wake ni "Natulenge Juu". Hauahidi gredi, hauahidi kazi, haumwahidi mzazi chochote. Unamwambia mvulana mwenyewe la kufanya, kwa nafsi ya wingi, sisi sote. Mtu wa Nairobi akisikia maneno hayo anakumbuka watoto wa familia maskini waliopewa nafasi, na vijana wa Starehe waliojitolea kazi za jamii wakati wa likizo. Maneno yale yana uzito kwa sababu ya miaka ya matendo iliyoyatangulia na kuyafuata. Kampuni ya matangazo inaweza kuwauzia maneno yenye uzuri huo. Miaka haiuzwi.

Turudi kwenye uamuzi wenu. Naona njia tatu za kweli.

Mnaweza kuiacha kaulimbiu ilivyo na kuitetea. Hii ina maana tu kama hesabu zenu zinaibeba, yaani kama mnaweza kuonyesha, kozi kwa kozi, kwamba wengi wa wahitimu wenu wameajiriwa. Kama kozi ya umeme inaweza na ya kompyuta haiwezi, basi kaulimbiu ya chuo kizima haisimami.

Mnaweza kununua mpya mara moja, kama anavyotaka mkurugenzi. Faida yake ni kwamba wafanyakazi watapata nguvu kidogo na bodi itaona jambo limefanyika. Hasara ni kubwa. Mbali na ada ya wabunifu, kuna mabango, risiti, fulana, gari la chuo, bahasha za vyeti, kurasa za mitandao, na vipeperushi vya zamani ambavyo vitazunguka mitaani mwaka mzima. Kubwa zaidi, mtakuwa mmewathibitishia wanaocheka kwamba mlijua. Kubadilisha kaulimbiu katikati ya kejeli, bila kutoa maelezo yoyote, husomwa kama kukimbia.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipendekeza: iondoeni kimya kimya kwenye kila kitu kipya mnachochapisha, msiweke nyingine kwa sasa, na mahali pake mwandike mambo yanayothibitika. Jina la chuo. Nambari ya usajili wa TVETA, mamlaka iliyoundwa na sheria ya mwaka 2013 kusimamia vyuo vya ufundi. Kozi zilizoidhinishwa, na mtihani unatolewa na nani: KNEC, KASNEB au TVET CDACC. Karo yote, pamoja na ya mtihani, bila senti iliyofichwa. Najua mkurugenzi ataona hicho ni kipeperushi kilichopooza. Lakini mzazi aliyewahi kulipa karo mahali ambapo kozi haikuwa na idhini hukisoma kipeperushi kama hicho kwa makini kuliko kaulimbiu yoyote.

Wakati huo, fanyeni kazi ambayo ilipaswa kufanywa kabla ya kaulimbiu ya kwanza kutungwa: watafuteni wahitimu. Chukueni kundi lililomaliza mwaka mmoja uliopita, orodha nzima, si wale tu mnaojua wanaendelea vizuri. Wapigieni simu mmoja mmoja. Anayepiga asiwe mkuu wa idara yao, kwa sababu mhitimu atasema la kumpendeza mwalimu. Muulizeni anafanya nini sasa, alianza lini, kama inahusiana na alichosomea, nani alimsaidia kuipata, na angependa chuo kingemfunza nini ambacho hakikumfunza. Aliyekuwa na kazi kabla ya kujiunga msimhesabu kama mafanikio yenu. Hapo ndipo DeVry ilipoangukia. Anayefanya kazi ya boda boda akiwa na diploma ya uhasibu ana kipato, naye anastahili heshima, lakini hahesabiki kwenye safu ya uhasibu. Wasiopokea simu waandikeni kuwa hawakupatikana. Msiwagawanye kwenye safu nzuri.

Nakuambia mapema kwamba simu za kwanza zitauma. Kuna atakayekata. Kuna atakayekufokea kwa niaba ya chuo kizima, nawe unastahili kusikiliza bila kujitetea. Lakini kuna jambo hutokea ambalo wengi hawalitarajii: watu hulainika wanapoona kuna aliyewauliza. Na kwenye majibu hayo ndimo mtakapokuta kaulimbiu yenu ijayo, kama mtaihitaji. Huenda mtagundua kwamba waliopata kazi karibu wote waliipata pale walipofanyia mazoezi ya kazi. Basi nguvu yenu iko kwenye kuwatafutia wanafunzi mazoezi mazuri, na hilo mnaweza kuliahidi kwa sababu mnalifanya nyinyi. Huenda wataisifu karakana ya umeme na kulalamikia kompyuta zilizokufa. Basi zile pesa za walimu wawili mmeshajua ziende wapi.

Kaulimbiu mpya ikija, iahidi mlicho nacho mikononi: saa za vitendo, mwalimu anayeingia darasani, mazoezi ya kazi kwa kila mwanafunzi, mtihani uliosajiliwa kwa wakati. Ijaribuni kwanza kwa watu wawili. Msichana wa mapokezi aweze kumwonyesha mgeni ushahidi wake palepale bila kumwita bosi. Na mwanafunzi wa mwaka wa pili aweze kuitamka mbele ya wenzake bila mtu kuangua kicheko. Kampuni ya matangazo ikishapewa matokeo ya simu hizo, hapo kazi yake ina thamani, na sitakuwa na neno. Kama hawataki kuona matokeo kabla ya kutunga, tafuteni wengine. Mkipata maneno mnayoyataka kwa miaka mingi, peleleza kwa KIPI, taasisi inayosajili alama za biashara, kama kuna mwingine anayeyatumia kabla ya kuchapa; alama iliyosajiliwa hulindwa kwa miaka 10 na inaweza kuhuishwa.

Kuhusu video zenyewe: msimtishe mtu. Msimwandikie barua ya wakili kijana anayelalamika kwamba hana kazi, na msiwaadhibu wanafunzi walioisambaza. Mtaifanya video ya siku mbili iwe habari ya mwezi. Jibuni mara moja, kwa jina la mkuu wa chuo, kwa lugha ya kawaida: tumesikia, kaulimbiu ile iliahidi zaidi ya tunavyoweza, tunawapigia simu wahitimu wa mwaka jana, na matokeo tutayaweka wazi tarehe fulani. Kisha tarehe ikifika, yawekeni, hata kama ni mabaya. Lakini soma malalamiko vizuri. Kama kuna anayesema alilipa ada ya mtihani na hakusajiliwa, au cheti chake kimezuiliwa, hilo halihusu kaulimbiu hata kidogo. Mtafuteni mtu huyo leo na mlimalize.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kuyamaliza. Kama mhitimu yeyote ameandika kudai karo irudishwe, au ametaja sheria, nendeni kwa wakili mkiwa na vipeperushi vyote vya miaka hiyo kabla hamjamjibu, hata kwa WhatsApp. Kama kuna kozi mnayoitangaza ambayo idhini yake imeisha au haijatoka, iondoeni kwenye matangazo na mfike TVETA wenyewe. Ni afadhali sana kuliko wao kufika kwenu. Na kama simu zitaonyesha kozi moja inaangusha nyingine zote, tafuteni mtaalamu wa mitaala aje akae na walimu wa idara hiyo, aone karakana, asome mitihani. Mtu wa matangazo, mimi nikiwemo, hawezi kuwasaidia hapo.

Vipeperushi vya Septemba kwa kawaida huenda kwa mpiga chapa Julai. Simu zianze kabla ya hapo. Omba orodha ya wahitimu kwa ofisi ya mitihani, chagua wenzako wawili wenye subira, na uombe bodi iwape saa mbili kila mchana kwa kazi hiyo tu.